Mpaka Mafuta Yanyamaze

Abiria anayetoka stendi ya Msamvu kwenda Dar es Salaam hutupa macho kulia, kwenye safu ya Uluguru. Hana kosa, mlima ule ndio unaoupa mji wa Morogoro, mji kasoro bahari, sura yake. Lakini akishapita Nanenane, Kingolwira na Mkambarani kuelekea Mikese, ashushe macho kidogo hadi pembeni mwa lami. Kwenye vifusi vilivyoachwa na mkandarasi, kwenye kingo za makorongo na ndani ya magofu ya nyumba zilizohamwa, umesimama mmea wenye majani mapana yaliyogawanyika ncha saba au tisa, shina lenye wekundu, na vishada vya matunda yenye miiba laini isiyochoma. Ni mnyonyo. Vitabu vya kilimo huuita mbarika.

Mara nyingi hakuna aliyeupanda hapo. Umejiotea, kwa sababu unapenda udongo uliovurugwa: jalala, zizi la zamani, mfereji uliochimbwa juzi. Wataalamu wa mimea wanaweka asili yake kaskazini mashariki mwa Afrika, pande za Ethiopia na majirani zake. Kutoka huku ulivuka bahari mpaka India, na leo nchi hiyo, hasa jimbo la Gujarat, ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya nyonyo yote inayouzwa duniani. Kwa hiyo mnyonyo unaouona Mikese hauko ugenini. Sisi ndio tuliouweka kwenye fungu la magugu, tukasahau kwamba bibi zetu walikuwa wakiukamua.

Wapo wanaoukamua hadi leo, wengi wao wanawake wa makamo na wazee, na kazi yao ndiyo nataka kuitazama hapa polepole, kwa sababu yenyewe haifanyiki haraka.

Tuanze na ardhi. Mawingu ya Bahari ya Hindi hugonga Uluguru upande wa mashariki, na huko Kinole na Matombo mvua hunyesha mpaka mtu akaichoka. Kuna migomba, viungo, na vijito vinavyoungana kuwa mto Ruvu, ambao Dar es Salaam inaunywa kila siku. Ukishuka tambarare kuelekea Ngerengere, au ukizunguka mgongoni mwa mlima hadi Mlali na Melela, mambo hubadilika. Mvua ni ya kubahatisha. Udongo ni mchanga mwekundu wenye changarawe, na mahali pengine unameremeta kwa chembe za ulanga. Mwaka ukiwa mbaya mahindi hukunja majani kabla hayajatoa mbelewele. Watu husema udongo umechoka, na ni kweli umechoka, kwa sababu umelimwa vizazi na vizazi bila kupumzishwa.

Mjuzi wa nyonyo haupi mmea wake kipande kizuri. Kipande kizuri ni cha mahindi na ufuta, hilo halina mjadala. Mnyonyo hupewa mpaka, ukingo wa korongo, kando ya kichuguu, mteremko wenye mawe ambao jembe linaruka. Mzizi wake mkuu huenda chini sana kutafuta maji ambayo mahindi hayawezi kuyafikia. Majani yake yana sumu, kwa hiyo mbuzi hupita pembeni, na ndiyo maana mstari wa minyonyo mpakani una faida mara mbili. Kitu kimoja tu hauvumilii: maji yaliyotuama. Ukiuweka mbugani kwenye udongo mweusi unaoshika maji, mizizi huoza na umepoteza msimu. Ufundi basi huanza kabla ya mbegu kuwekwa, katika kujua ni upi ubaya wa ardhi unaouvumilia na upi usiouvumilia. Ardhi mbaya haina namna moja.

Jambo hilo watu wenye vyeo vikubwa walishindwa kulijua hapa hapa. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Waluguru walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko yao ili kuzuia mmomonyoko. Mmomonyoko ulikuwepo, sibishi. Lakini udongo wenye rutuba mlimani ni tabaka jembamba, na kuchimba ngazi kulilifukia tabaka hilo na kuleta juu udongo wa chini usiozaa. Watu walitoa jasho kwa amri, wakavuna kidogo kuliko walivyovuna kabla. Julai 1955 huko Matombo hasira zikapanda, risasi zikapigwa, mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, lukolo, na mwanamke anayelima mteremko fulani mara nyingi analima pale alipolima bibi yake. Alikuwa na la kusema kuhusu mteremko huo, lakini hakuulizwa.

Tena kulikuwa na Kongwa, ng'ambo ya Gairo ukielekea Dodoma. Uingereza baada ya vita ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Tume iliyotumwa mwaka 1946 ilizunguka Tanganyika kwa wiki chache, ikapendekeza karanga zilimwe kwenye eneo la ekari zaidi ya milioni tatu. Bajeti ya mwanzo ilikuwa pauni milioni 25. Vifaru vya vita vilibadilishwa kuwa matrekta, na minyororo ya nanga za meli ilivutwa kati ya matrekta mawili ili kung'oa vichaka. Udongo wa Kongwa ukikauka hushupaa mpaka unakula chuma cha plau, na mvua yake haikuwa ile iliyoandikwa kwenye ripoti. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, na hasara ilikuwa kama pauni milioni 36. Wagogo walioizunguka ile ardhi walikuwa wanajua tangu mwanzo kwa nini haikuwa na watu wengi.

Narudi kwenye kishada.

Ukikitazama kwa karibu utaona maua ya aina mbili kwenye bua moja: ya kiume chini, ya manjano, na ya kike juu, mekundu. Kishada cha kwanza kikianza kukauka, cha pili kinatoa maua, na cha tatu bado kimejikunja ndani ya jani. Mnyonyo hauivi kwa siku moja. Huiva kwa miezi, kishada kwa kishada, na ndani ya kishada kimoja tunda la chini hutangulia la juu. Hii ndiyo sababu hata huko Gujarat, kwenye mashamba makubwa yanayolisha viwanda vya dunia, nyonyo nyingi bado huchumwa kwa mkono. Mashine hupita shambani mara moja. Mmea huu unahitaji mtu anayepita mara nyingi, kila baada ya siku chache, akiwa njiani kwenda kisimani au kuchanja kuni, na akakata kilicho tayari na kuacha kilichobaki.

Kujua kilicho tayari ni kazi ya macho. Tunda likiwa la kijani, mbegu ndani haijajaa mafuta. Likikauka kabisa, umechelewa: hupasuka lenyewe kwa kishindo kidogo na kurusha mbegu mbali kwenye nyasi. Katikati ya hayo kuna siku chache ambazo ganda limekuwa la kahawia lakini halijaachia. Na hata hizo siku zina saa zake. Wanaojua huenda alfajiri, umande ukiwa bado juu ya vishada, kwa sababu ganda lenye unyevu halipasuki mkononi. Ukienda saa sita mchana utarudi na maganda matupu.

Vishada hutandazwa kwenye uwanja uliofagiliwa na kufunikwa chandarua kilichochakaa. Jua likipanda, huanza kudunda chini ya chandarua, pa, pa, pa, na mbegu zinabaki pale pale. Nimeona watu wakichoma chandarua kibovu jalalani. Wakamuaji wa nyonyo hawatupi. Jioni maganda hupepetwa kwa ungo, na mbegu hubaki peke yake: nzuri, inang'aa, imechorwa madoa ya kahawia na kijivu ambayo hayafanani kati ya mbegu moja na nyingine, imetuna kama kupe aliyeshiba.

Uzuri huo ndio hatari. Watoto hufukuzwa uwanjani, na hufukuzwa kwa ukali usio wa kawaida. Ndani ya mbegu mna risini, mojawapo ya sumu kali zaidi zinazotoka kwenye mimea, na mbegu chache zikitafunwa zinaweza kumwua mtoto. Septemba 1978 mwandishi wa Kibulgaria Georgi Markov alidungwa mguuni kwenye kituo cha basi jijini London, akafa siku chache baadaye. Wachunguzi waliamini kidonge kidogo kilichopatikana mwilini mwake kilibeba risini. Mbegu ile ile iliyoko majalalani kwetu. Neema ni kwamba risini haiyeyuki kwenye mafuta, na moto wa kuchemsha huiharibu. Mkamuaji hajawahi kuisoma hiyo, lakini kila hatua ya kazi yake imejengwa kana kwamba ameisoma.

Kwanza huchambua. Huchukua mbegu gao kwa gao na kuzitikisa karibu na sikio. Iliyopwaya ndani ya ganda haina kitu, hutupwa. Zenye ukungu hutupwa pia, maana moja tu inatosha kuharibu harufu ya chupa nzima. Kazi hii hufanywa watu wamekaa, miguu imenyooshwa, maongezi yanaendelea, na mgeni anaweza kudhani hakuna kinachofanyika.

Kisha hukaangwa. Chungu kipana juu ya mafiga, moto wa mabunzi au wa kuni zilizokwisha kuwa makaa, na mwiko usiotulia. Hapa ndipo mafuta mazuri na mabaya yanapoachana, na ukitaka kumpima fundi kaa naye saa hii. Moto hukausha mbegu, huvunja kuta ndogo zinazoshikilia mafuta ndani na kugandisha utomvu unaoyazuia yasitoke. Ukitoa mapema, mafuta yatabaki kwenye mashudu. Ukichelewa, yatatoka meusi yenye harufu ya kuungua, na mnunuzi atayasogeza puani mara moja na kuyarudisha. Hakuna saa wala kipimajoto. Kuna ngozi ya mbegu inayoanza kufanya nyufa, kuna harufu ya majani mabichi inayoondoka na nyingine nzito kuingia, na kuna mlio wa mwiko, ambao hubadilika mbegu zikiwa nyepesi. Fundi humega moja, huisugua kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukilowa, huipua.

Kinu cha nyonyo hakitwangi kitu kingine. Hakiingii jikoni, hakiazimwi, hakikai karibu na kile cha kisamvu. Na bibi akifa, mwenye kurithi huambiwa wazi kipi ni kipi. Mtwangaji hujifunga kanga puani na kuupa upepo mgongo, kwa sababu vumbi la mbegu hizi huwasha macho na kubana kifua hata cha mtu mwenye afya. Hutwanga mpaka unga unapoacha kuwa unga na kuwa rojo jeusi, linaloshika mchi na kuuachia kwa shida. Wengi huishia hapo. Walio wazuri huendelea kidogo, mpaka rojo ling'ae.

Sasa maji. Rojo hutiwa kwenye chungu kikubwa chenye maji yanayochemka na kukorogwa kwa upole, na mafuta huanza kujitenga na kupanda juu, duara moja moja. Hupanda polepole mno. Kuna sababu, na sababu hiyo inanifanya niheshimu kazi hii zaidi: lita ya mafuta ya alizeti ina uzito wa kama gramu 920, lita ya maji ni gramu 1,000, na lita ya mafuta ya nyonyo inakaribia gramu 960. Yaani mafuta haya ni mazito, yanakaribiana na maji kuliko mafuta tuliyozoea kupikia, tena yananata, kwa hiyo hayana haraka ya kuachana na maji. Anayekamua alizeti anaweza kuwa na pupa akasalimika. Wa nyonyo akiwa na pupa huchota povu, maji na tope kwa pamoja. Chumvi ikitiwa husaidia, kwa kuwa huyapa maji uzito na kuyasukuma mafuta juu. Wengine huzima moto wakaacha chungu kilale usiku mzima, wakaja kuchota asubuhi kwa upawa uliolazwa, ukigusa uso tu.

Kilichochotwa bado si mafuta. Ni mafuta yenye maji yaliyojificha, na yakitiwa chupani hivyo yatachacha. Hurudishwa motoni kwenye sufuria ndogo, moto mdogo zaidi ya wa mwanzo, na hapo kazi huhama kutoka machoni na puani kwenda masikioni. Maji yaliyomo hugeuka mvuke na kutoka kwa vishindo vidogo: tsi, tsi, pat. Mjukuu akiuliza, "Bibi, tayari?" jibu ni moja vijiji vyote, "Bado yanasema, mjukuu wangu." Vishindo hupungua, huja kimoja baada ya kingine, kisha sufuria hunyamaza. Wakati huo ni mfupi. Kabla yake kuna maji. Baada yake mafuta huanza kuungua. Mkamuaji mzoefu huongea na watu, anamkaripia mtoto, anajibu salamu za mpita njia, na mkono wake unaipua sufuria katikati ya sentensi bila yeye kuangalia.

Huchujwa kwa kipande cha kaniki, hutiwa kwenye chupa zilizowahi kubeba konyagi au maji, na huwekwa mbali na mwanga. Mafuta mazuri ya moto ni ya rangi ya asali iliyokolea, yanatiririka kwa uvivu, na hayana harufu ya moshi. Mashudu hayapewi kuku wala mbuzi. Hufukiwa kwenye mashimo ya migomba au kwenye mistari ya mahindi, ambako naitrojeni iliyomo hurutubisha shamba upya. Hapo ndipo ninapoona akili ya mfumo mzima: mmea uliopandwa mahali ambapo udongo umechoka unarudisha sehemu yake kwenye kipande kile kizuri, na kipande kizuri kinaendelea kuwa kizuri.

Mafuta haya yanatakiwa wapi? Kwetu, jibu la haraka ni kichwani. Ingia duka lolote la vipodozi Kariakoo au saluni yoyote pale Morogoro mjini, utaambiwa mafuta ya nyonyo hukuza nywele, hurudisha nyusi, hufuta hiki na kile. Mimi huyaamini kwa kulainisha tu. Ngozi kavu, visigino vilivyopasuka, ngozi ya ngoma, mkanda wa viatu, bawaba ya mlango: huko hakuna ubishi. Na sipendi kabisa yanaponyweshwa wajawazito ili kuharakisha uchungu. Hiyo ni kazi ya mkunga na daktari, na mafuta ya chungu hayana kipimo.

Dunia ya viwanda nayo iliyataka kwa sababu ile ile ya uzito. Karibu asilimia 90 ya mafuta ya nyonyo ni asidi iitwayo risinoleiki, ambayo kwenye mnyororo wake ina kiungo cha ziada ambacho mafuta ya alizeti, karanga na mawese hayana. Kiungo hicho ndicho kinachoyafanya yanate na yashikamane na chuma hata kwenye joto. Injini za ndege nyingi za Vita ya Kwanza ya Dunia zililainishwa kwa mafuta ya nyonyo, na marubani walirudi chini wakiwa wameyavuta puani saa nzima, matumbo yamewaharibika. Kilainishi cha Castrol kilichukua jina lake kutoka kwenye mmea huu mwaka 1909. Wafaransa katika miaka ya 1940 wakapata njia ya kuyavunja na kutengeneza nailoni, ile nailoni 11 ambayo hadi leo hutengenezewa mirija ya mafuta na ya breki za magari. Lori la mizigo linalopita Mikese usiku huenda lina kipande cha mnyonyo ndani yake, na linapita minyonyo pembeni.

Juu mlimani kuna ufundi wa jamaa, nautaja kwa heshima tu. Kwenye misitu ya Uluguru na ya Usambara huota miti ya jamii ya Allanblackia, mmoja wao ukibeba jina la Uluguru katika jina lake la kisayansi. Watu wa Amani, huko Usambara, huuita msambu. Tunda lake hudondoka lenyewe, na mbegu zake hutoa mafuta yanayoganda kwa joto la kawaida. Umoja wa Ulaya uliyaruhusu kuliwa mwaka 2007, baada ya kampuni ya Unilever kuyafanyia kazi. Mbegu yake inaweza kukaa ardhini zaidi ya mwaka bila kuota. Wanaotaka kupanda msambu wana subira kunishinda.

Ni lazima niseme na habari ya mbono kaburi, kwa sababu wakati wowote unaposema mafuta na ardhi mbaya kwa pamoja, mtu atainua mkono na kuuliza. Miaka ya 2000 bei ya petroli ilipopanda, mbono ilitangazwa kila mahali kuwa mmea wa kutoa dizeli kwenye ardhi isiyofaa. Kisarawe, kampuni ya Kiingereza Sun Biofuels ilipata zaidi ya hekta 8,000. Kilwa, kampuni ya Kiholanzi BioShape ikapata eneo kubwa zaidi. Ilipofika 2011 zote mbili zilikuwa zimeanguka. Mbono huishi kwenye ardhi mbaya, hilo ni kweli, lakini kuishi si kuzaa, na matunda yake pia huiva vipande vipande na kudai mikono mingi. Wenyeji wa pwani waliipanda miaka yote kama uzio na kwenye makaburi, na hakuna aliyewahi kuipigia hesabu ya hekta elfu nane. Nyonyo nayo ikichukuliwa hivyo itaanguka hivyo. Ardhi iliyochoka haitoi mengi mahali pamoja. Hutoa kidogo mahali pengi, na hicho kidogo kina thamani kikipita kwenye mikono inayojua kukikusanya.

Simaanishi mashine ni adui. Katikati ya miaka ya 1980 mhandisi Carl Bielenberg alibuni huko Arusha mashine ya kukamua kwa mkono, ya chuma, yenye mpini mrefu na silinda ndogo, ambayo mtu mmoja anaweza kuisukuma na kupata mafuta ya alizeti. Ilienea Tanzania na nchi jirani kwa sababu ililingana na kaya, haikudai kiwanda. Kitu cha aina hiyo kwa nyonyo kingeondoa kinu, na hakuna mtwangaji atakayekililia; ile kazi ya mchi na vumbi ni adhabu. Lakini kukaanga na kunyamazisha visiguswe mpaka mtu alete chombo kinachosikia vizuri kuliko sikio la bibi. Na chombo chochote kitakachotumika kwa nyonyo kisitumike tena kwa mafuta ya kula. Hilo lisilegezwe hata siku moja.

Sabuni nayo ni njia nzuri ya kuyaongezea thamani, ikifanywa kwa adabu. Mafuta ya nyonyo peke yake hutoa sabuni laini inayoyeyuka upesi bafuni. Yakichanganywa kwa sehemu ndogo na mawese au mafuta ya nazi, sabuni hushika umbo na povu lake huwa zito, la kudumu. Vikundi vya akina mama vinavyochemsha sabuni vinalijua jambo hilo, na mkamuaji wa Mikese akiuza lita zake kwa kikundi kama hicho hapati bei ya mchuuzi wa barabarani.

Bei ndiyo inayoniuma. Chupa ile ndogo ina miezi ya kupita shambani alfajiri, siku za kuchambua, siku ya moto na usiku wa chungu kulala. Anayeinunua kijijini huilipia kama mafuta ya taa, kisha huifikisha mjini, huipunguza kwa mafuta ya kupikia, na huibandika lebo yenye picha ya nywele ndefu. Mkamuaji anajua. Hana la kufanya.

Wewe mnunuzi unalo. Mafuta ya nyonyo huchanganyika na spiriti kali, jambo ambalo mafuta ya kupikia hayafanyi. Chukua kijiko kimoja cha mafuta uliyouziwa, weka kwenye glasi safi, ongeza vijiko vichache vya spiriti isiyotiwa maji, koroga, acha dakika chache. Yakibaki maji maji safi ya namna moja, umepata nyonyo. Yakijitenga tabaka mbili, umeuziwa alizeti kwa bei ya nyonyo. Rudisha, na safari ijayo ukipita Mikese shuka, uliza nani anakamua, na ulipe anachotaja.